Wafu wa Karthago na Daftari la Nia za Misa

Perpetua alikuwa na miaka 22 hivi na mtoto anayenyonya. Alikuwa gerezani Karthago, mji ambao magofu yake yako Tunisia ya leo, akisubiri kutupwa kwa wanyama wakali uwanjani kwa kosa la kuwa Mkristo. Ulikuwa mwaka 203. Siku moja akiwa katikati ya sala likamponyoka jina la Dinokrate, mdogo wake aliyekufa na miaka saba kwa kansa ya uso. Alishangaa mwenyewe, maana hakuwa amemkumbuka. Akaanza kumwombea, na usiku uleule akamwona anatoka mahali penye giza walimo wengi wengine: mchafu, ana joto, ana kiu, na kidonda kiko usoni vilevile. Palikuwa na birika limejaa maji, ila ukingo wake ulipita kimo cha mtoto. Anajinyoosha anywe, hafikii.

Dada mtu akaomba usiku na mchana kwa machozi. Siku waliyomtia miguu kwenye mikatale akamwona tena. Safari hii Dinokrate ni msafi, kavaa vizuri, kidonda kimekuwa kovu, na ukingo wa birika umeshuka hadi kitovuni. Juu yake kuna bakuli la dhahabu lisilopungua maji. Akanywa mpaka basi, kisha akaondoka kwenda kucheza, kama watoto walivyo. Perpetua alipoamka akajua mdogo wake ametolewa adhabuni. Haya aliyasimulia mwenyewe katika kumbukumbu zake za gerezani, kabla hajauawa Machi 7.

Nimeanza na mtoto huyu kwa sababu nimechoka kusikia kwamba toharani ilitungwa na mapapa, ikateremshwa kwa waumini pamoja na bei yake. Nionavyo mimi, wafiwa ndio waliotangulia. Maaskofu walikuja nyuma yao wakipanga, wakipunguza, wakikataza, mwishowe wakiandika. Na wengi wa wafiwa wa mwanzo tunaowafahamu walikuwa Waafrika wa pwani ya kaskazini.

Tertuliani, mwandishi wa Karthago hiyohiyo, karibu mwaka 211 alizitaja desturi za Wakristo wa siku zake, mojawapo ikiwa kuwatolea wafu sadaka kila mwaka siku yao inaporudi. Halafu anakiri bila kuzunguka kwamba ukimdai andiko hutalipata: ni mapokeo, na mazoea yameyatia nguvu. Kwingine anamtaja mjane anayemwombea marehemu mumewe na kuitimiza sadaka ya mwaka. Nampenda kwa kutoona haya. Angekuwa hai leo, tungemwita kwenye midahalo ya vijana.

Sadaka haikuwa ya altareni tu. Watu walikwenda kula makaburini. Huko Tipasa, Algeria, zimefukuliwa meza za mawe zilizojengwa katikati ya makaburi ya Wakristo. Jiwe lililopatikana Satafis, pia Algeria, lenye tarehe inayolingana na mwaka 299, linaeleza jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kukaa matanga atalielewa mara moja. Watoto wa mwanamke aitwaye Aelia Secundula wanasema mazishi walishayagharimia vya kutosha, lakini wameona wamwongezee mama yao meza ya mawe. Hapo wanaandaa vyakula na vikombe, wanahadithiana mambo yake mema mpaka usiku unakuwa mkubwa, ili jeraha la moyo lipone, na bibi mwenyewe amelala. Wataalamu wanabishana kama mama huyo alikuwa Mkristo au la. Ubishi wenyewe unatosha kuonyesha jinsi majirani wa dini mbili walivyofanana makaburini.

Monika, mama yake Augustino, alikulia katika desturi hiyo. Alipomfuata mwanawe Milano, alikwenda kwenye makaburi ya mashahidi na uji, mkate na divai, kama walivyozoea Afrika. Bawabu akamzuia: Askofu Ambrosi amepiga marufuku. Monika hakubishana. Augustino anasimulia kwamba tangu hapo mama yake alipeleka moyo wa sala badala ya kapu, na vyakula akawapa maskini kwa kadiri ya uwezo wake.

Mwaka 387 Monika akaugua homa huko Ostia, bandari ya Roma, akiwa njiani kurudi nyumbani. Hapa ndipo sisi watu wa Kilimanjaro tunapopaswa kusoma polepole. Alikuwa ameshajiandalia kaburi kwao, kando ya mumewe Patrisi, na kwa miaka mingi hilo ndilo lililomshughulisha. Mwanawe mwingine akasema ingekuwa heri afie nyumbani. Mama akamtupia jicho la kumlaumu. Akawaambia mwili wauzike popote, wasijisumbue nao; alichoomba ni kukumbukwa altareni, popote watakapokuwa. Siku ya tisa ya ugonjwa akafariki, akiwa katika mwaka wa 56 wa umri wake, akazikwa ugenini. Sisi tunachangishana hadi mtu wa mwisho ili mwili utoke Dar es Salaam ufike kihambani, kwenye shamba la ukoo, na sisemi tuache. Nasema tu kwamba mwanamke yule wa Kiafrika aliliwaza jambo hilihili akafika pengine.

Augustino akawa padri, kisha askofu wa Hippo, na akawa na kazi ngumu ya kutawala upendo wa watu wa aina ya mama yake. Mwaka 392 alimwandikia Aurelio, askofu wa Karthago, kulalamikia ulevi na karamu makaburini zinazoitwa heshima kwa mashahidi. Ila hakushauri kufuta yote. Matoleo kwa ajili ya wafu yasiwe ya anasa, alisema, wagawiwe wote wanaoomba bila majivuno, yasiuzwe, na anayetaka kutoa fedha azitoe palepale kwa maskini. Mwaka uliofuata mtaguso wa Hippo ulikataza maiti wasipewe Ekaristi, kwa hoja kwamba Bwana alisema mtwae mle, na maiti hana awezalo kati ya hayo mawili. Jambo halikatazwi kama halifanyiki. Walikuwako watu waliowalisha wafu wao Komunyo.

Hata Dinokrate alimsumbua Augustino. Kufikia karibu mwaka 419 kuna aliyemtumia mtoto huyo kama ushahidi kwamba asiyebatizwa anaweza kuokolewa kwa maombi. Augustino akajibu kwamba hakuna mahali palipoandikwa kuwa hakubatizwa. Huenda alibatizwa, kisha baba yake mpagani akamtumbukiza dhambini. Mtoto wa miaka saba! Mimi hapo namwona mwanateolojia mkubwa akikimbia nyuma ya ndoto ya mfiwa, akijaribu kuifunga milango.

Mwishoni mwa karne ya 6, Papa Gregori Mkuu alisimulia habari ya Yusto, mmonaki tabibu wa monasteri yake Roma, aliyekutwa ameficha sarafu tatu za dhahabu katikati ya dawa. Alipokufa alizikwa kwenye samadi, na sarafu zake zikatupwa juu yake. Baadaye Gregori akamwonea huruma, akaagiza misa kwa siku 30 mfululizo, na siku ya mwisho Yusto akamtokea ndugu yake kusema sasa mambo yake ni mazuri. Nafanya kazi katika ofisi ya parokia, na katika daftari langu la nia za misa, misa hizo thelathini bado zinaandikishwa kwa jina la Gregori. Ni za marehemu mmoja, bila kuruka siku. Padri akiona mtu kaziomba huguna kwanza, ndipo akubali.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nitayapitia haraka. Karibu mwaka 1000 Abate Odilo wa Cluny, Ufaransa, aliziagiza monasteri zake ziwakumbuke marehemu wote Novemba 2. Mitaguso ya Lyon mwaka 1274, Firenze mwaka 1439 na Trento mwaka 1563 ikathibitisha kwamba roho zinazotakaswa husaidiwa na sala za walio hai; hakuna hata mmoja uliochora ramani ya huko. Kati ya Firenze na Trento watu walifanya biashara ya rehema, Luther akasimama mwaka 1517, na alikuwa na haki ya kukasirika.

Hapa kwetu Wakatoliki walifika Kilema mwaka 1890, Walutheri wa Leipzig wakafika Machame mwaka 1893, na mlima mmoja ukapata kanuni mbili kuhusu wafu. Lakini watu waliendelea kuoana. Mama yangu mdogo ni Mlutheri wa Machame. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa Mkatoliki, na kila mwaka mama mdogo huja ofisini kumwandikishia misa. Siku moja nikamchokoza kwamba Luther mwenyewe, mwaka 1528, aliandika si dhambi kumwombea marehemu, ila mara moja au mbili inatosha.

"Mara mbili?" akasema. "Mwanangu, huyo hakuwahi kufiwa."

Nikamwambia alifiwa. Mwaka 1542 alimzika binti yake Magdalena, miaka 13. Mama mdogo akatikisa kichwa, akafungua pochi, akauliza kama Jumamosi iko wazi. Ilikuwa imejaa, nikamwandikia Jumanne, misa ya kwanza.