Tuzo, Jibu na Tahakiki: Nani Alizipima Nyimbo za Tanga?

Nianze na neno lenyewe. Tahakiki tumelipokea kutoka Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa pia haki na hakika. Anayehakiki kazi ya mwenziwe, kwa asili ya neno, haitafutii makosa tu wala haipambi kwa sifa. Anaitafuta hakika yake, kisha anaipa haki yake. Nimelitanguliza neno hili kwa sababu vijana wa Tanga wenye bendi zao huniuliza swali moja kila wanapomaliza kurekodi albamu: nani ataiandika? Wanadhani ni swali la zama za intaneti. Mimi naliona kuwa la zamani, na historia ya muziki wa mji huu inaweza kutuonyesha kwa nini halijapata jibu.

Katika miaka ya 1960 na 1970, Tanga ilikuwa na vyama viwili vya taarabu vilivyobadilisha masikio ya pwani nzima: Black Star Musical Club na, baada yake, Lucky Star Musical Club. Taarabu ya Unguja ilikuwa imejengwa juu ya udi, ganuni na fidla nyingi. Wana Tanga walileta gitaa la umeme, gitaa la besi na mwendo uliokaribia dansi, lakini hawakuliacha shairi. Bi Shakila Said, mzaliwa wa Pangani, aliimba katika vyama vyote viwili, na sauti yake ikawa ndiyo sura ya mtindo huo.

Msomaji aliangalie neno chama. NUTA Jazz ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya jumuiya ya wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa. Vyama vya taarabu vilisimama kwa wanachama wao na kwa waliowaalika harusini. Havikuwa na taasisi kubwa ya kuvibeba, wala msemaji wa kuvitangaza. Kwa lugha ya leo tungesema zilikuwa bendi huru, na uhuru huo ulikuwa na gharama zake.

Gharama ya kwanza ilikuwa santuri. Redio ya taifa ilirekodi nyimbo nyingi kwenye kanda zake, lakini kanda za redio hazikuuzwa dukani, na Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Aliyetaka wimbo wake uwe kitu cha kushikwa mkononi aliutazama upande wa kaskazini, Mombasa na Nairobi. Njia hiyo wanamuziki wa Tanga waliijua vyema. Ndugu Wilson na George Kinyonga, waliopata kupigia Jamhuri Jazz ya Tanga, walipitia Arusha hadi Kenya na huko wakaijenga Simba Wanyika. Wanataarabu nao walirekodi kwa wafanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka, na nyimbo zao zikarudi nyumbani zikiwa santuri ndogo, wimbo mmoja kila upande.

Wapenzi wa ushairi wanaelewa maana ya udogo huo. Harusini wimbo ungeweza kuendelea kwa muda mrefu, kibwagizo kikirudiwa kadiri watu walivyotaka. Upande mmoja wa santuri ndogo ulibeba dakika chache tu. Mtunzi alilazimika kuchagua beti zipi zibaki, na kila ubeti uliobaki ulipaswa kujitosheleza kwa maana. Uamuzi huo ni wa kishairi kabisa, na ndio hasa ambao mhakiki angepaswa kuuzungumzia. Je, alikuwapo?

Alikuwapo, ila hakuwa na kalamu. Pwani yetu ilikuwa na njia zake za kupima wimbo, nami nazitaja mbili.

Ya kwanza ni tuzo. Katika taarabu, msikilizaji aliyeguswa huinuka, hujongea mbele kwa madaha na kumtunza mwimbaji fedha. Mgeni huona fedha tu. Mwenyeji hutazama ameinuka kwenye ubeti gani, amemtupia nani jicho, na nani amenuna palepale alipoketi. Wimbo ambao watu wameutunza kwenye ubeti wa tatu umekwisha kuhukumiwa: ubeti wa tatu ndio wenye nguvu, na mtunzi anayejua kazi yake atalikumbuka hilo atakapotunga tena. Hiyo ni tahakiki ya mshororo kwa mshororo, tena inatolewa na mtu anayeilipia kutoka mfukoni mwake.

Ya pili ni jibu. Waswahili wamezoea kuujibu wimbo kwa wimbo na shairi kwa shairi. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa washairi ukurasa wa kufanya hivyo hadharani, na magazeti ya baadaye yakaifuata desturi hiyo. Anayekujibu kwa bahari yako na vina vyako amekusoma kwa makini kuliko anayekusifu kwa maneno matatu. Amekupima mizani, ameijua fumbo yako, ameonyesha pale ilipolegea.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaodai kwamba pwani haikuwa na uhakiki wa muziki. Ilikuwa nao, na ulikuwa mkali. Upungufu wake ulikuwa mwingine: haukubaki. Tuzo huisha usiku uleule. Jibu la kuimbwa huishi maadamu wapo wanaokumbuka lilijibu nini. Mashairi ya magazetini yalihifadhiwa kwa sababu yalichapwa, lakini nyimbo za taarabu hazikuwa na ukurasa wa namna hiyo. Redioni tulisikia jina la wimbo, jina la bendi na labda jina la mwimbaji. Aliyetunga beti aghalabu hakutajwa.

Kisha njia yenyewe ya santuri ikafungwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, usifunguliwe tena hadi 1983. Kwa bendi ya Tanga, miaka hiyo haikuwa habari ya siasa peke yake. Mahali pa kuchapia santuri na soko la jirani vilikuwa upande wa pili.

Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilikusanya nyimbo za Black Star na Lucky Star katika albamu moja na kuiita Nyota. Nashukuru kwamba ilitoka, maana iliziokoa sauti ambazo santuri ndogo zilizochakaa zisingeweza kuzitunza. Lakini tuone kilichotendeka. Nyimbo zilizotungwa kwa Kiswahili, zikatuzwa na kujibiwa kwa Kiswahili, ziliwekwa mbele ya wasomaji wa dunia kwa Kiingereza. Msikilizaji wa London anaweza kulipima gitaa kwa haki kabisa. Hawezi kukwambia kama kina cha kati kimetimia, kama neno ni la Kimrima au la Kiunguja, wala fumbo linampiga nani. Sehemu hiyo ya haki ilikuwa mikononi mwetu, nasi hatukuitoa.

Wala hatuwezi kujitetea kwamba lugha yetu haikuwa na mfano wa kufuata. Mfano ulitoka Tanga hii hii. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, aliandika Wasifu wa Siti Binti Saad, maisha ya mwimbaji wa Unguja ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri zilizosambaa pwani nzima. Siti alifariki mwaka 1950. Leo tunamjua kama mtu mwenye asili, jitihada na fikra, na si kama sauti tu ndani ya sahani, kwa sehemu kubwa kwa sababu mshairi alikaa akaandika. Bi Shakila alifariki mwaka 2016. Nyimbo zake bado zinapigwa. Wasifu wa kalamu ile bado tunaungoja.

Ndiyo maana swali la vijana ninalijibu hivi. Mwenye bendi, unapotoa albamu, toa na maandishi ya nyimbo zako. Mtaje mtunzi wa kila shairi, mahali na mwaka. Usimpelekee mtangazaji peke yake, mpelekee na mshairi, na umwombe jibu badala ya sifa. Nanyi washairi mnaosoma hapa, chagueni wimbo mmoja wa bendi ya karibu yenu. Hesabuni mizani, angalieni vina, semeni wapi muziki umelibeba shairi na wapi umelifunika. Ulizeni wazee ubeti gani ulitunzwa, na kwa nini. Kisha yaandikeni hayo kwa Kiswahili, mtie na majina.

Wapo bado Tanga, Pangani na Muheza watu waliokuwapo ukumbini, wanaojua nani alitunga nini na nani alijibiwa. Haki ya nyimbo zile imo vifuani mwao, na kila mwaka wanapungua.