Asili na Maana ya Neno Sarakasi: Mfano wa Pwani ya Kusini ya Kenya

Katika Pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Diani hadi Msambweni, neno sarakasi hutumika kwa maana ya michezo ya viungo: kupiga pindu, kujikunja, na kupandana mabegani hadi ukasimama mnara wa watu. Maana hiyo siyo iliyokuja na neno lenyewe.

Asili ya neno ni Kilatini, circus, yaani duara. Philip Astley alipoanzisha maonyesho yake ya farasi London mwaka 1768, uwanja wa mviringo ndio uliokuwa kiini cha mchezo. Kigiriki, kwa upande wake, kina akrobatos, yaani aendaye kwa ncha za vidole. Neno hilo humtaja mchezaji, wala halitaji uwanja.

Umbo la sarakasi nalo lastahili kuchunguzwa. Maneno mengi yaliyopokewa kutoka vinywani mwa Waingereza yamepoteza r: shirt limekuwa shati, nurse nesi, na circuit, jamaa wa circus, limekuwa saketi. Sarakasi limeihifadhi. Katika Kihindi na Kigujarati hutamkwa sarkas, kwa r iliyo wazi. Kiswahili kilipopokea karkhana, kilitia irabu kati ya konsonanti, likapatikana karakana. Kwa kanuni hiyo hiyo, sarkas huzaa sarakasi. Aidha, Vishnupant Chatre aliasisi sarakasi yake huko Bombay mwaka 1880, wakati bandari hiyo na Mombasa zilikuwa zimekwisha kuunganishwa na biashara. Ingawa maandishi ya Kiingereza nayo yangeweza kuihifadhi r, njia ya Bahari ya Hindi yaelekea kuwa na nguvu zaidi.

Tofauti hii ya maana si jambo dogo. Vijana wachezao jioni katika hoteli za Diani hawana farasi wala hema. Walicho nacho ni miili yao na mazoezi ya miaka. Kumwita mwanasarakasi mchezaji wa circus ni kumrudisha katika duara asilolijua. Magazeti nayo, yanaposema "sarakasi za kisiasa", hulifanya neno kuwa la dhihaka, na dhihaka hiyo huwafikia hata wenye ufundi. Hapana budi, basi, watungaji wa kamusi waitangulize maana ya michezo ya viungo, na maana ya duara ifuate kama historia.