Kitimoto ya Mpanda: ilivyotoka nyuma ya baa hadi kwenye sufuria ya nyumbani

Kuanzia Juni hadi Agosti, Mpanda asubuhi kuna kabaridi, mahindi yameshavunwa na mashine za kukoboa zinalia kutwa. Pumba zinakuwa nyingi, bei inashuka, na nguruwe wa uani wananona. Mwenye banda la nguruwe watatu anajua mmoja lazima aondoke. Mbuzi katoliki, mdudu, mkuu wa meza, muite unavyotaka. Huu ndio msimu wake.

Lakini mnyama huyu amefikaje mezani? Huku magharibi habari ya wageni ni ya zamani kidogo. Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, Wabelgiji walijenga ngome mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawakabidhi mapadre, wale White Fathers. Misheni nyingi za enzi hizo zilikuwa na bustani na mifugo yake, na Ukatoliki ukatapakaa hadi Ufipa, ambako mpaka leo banda la nguruwe ni kitu cha kawaida. Halafu ikaja reli ya kutoka Kaliua, iliyofika Mpanda kwa sababu ya mgodi wa risasi (madini, siyo ya bunduki). Mji wa mgodi na reli unakusanya watu wa kila aina: Wakonongo, Wabende, Wafipa, Waha, baadaye Wasukuma na ng'ombe wao. Kila mtu alikuja na sufuria yake na dini yake.

Na hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivamiwa Dar es Salaam, ikawa kesi ya nchi nzima. Miaka hiyo hiyo ya 90 jina la kitimoto likashika. Asili yake ina hadithi nyingi, ila inayorudiwa sana ni kwamba mlaji alikaa kama yuko kwenye kiti cha moto, macho mlangoni.

Matokeo yake nyama ikawa ya nyuma ya baa. Baba anakula nusu kilo na bia mbili na ndizi za kukaanga, anarudi nyumbani anafuta mdomo. Mama aliyemlisha yule nguruwe pumba miezi minane anakula dagaa na watoto. Tuseme ukweli, hiyo haikuwa haki.

Kilichobadilisha mambo ni akina mama kuanza kupika wenyewe. Na upishi wake wala si wa kutisha: nyama inakatwa vipande, inachemshwa na chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu mpaka maji yakauke, kisha inajikaanga kwa mafuta yake yenyewe. Kitunguu, nyanya, hoho, pilipili pembeni kwa wakubwa. Ugali wa moto. Familia nzima kwenye sinia moja, na mtoto wa mwisho anagombania kile kipande chenye ngozi.

Kuchemsha kwanza kuna sababu. Nyama isiyoiva inaweza kuleta tegu, na mayai ya tegu kutoka kwenye kinyesi cha binadamu yakiingia mdomoni, minyoo inaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Ndiyo maana choo na banda la kufungia nguruwe ni sehemu ya mapishi haya, hata kama havikai jikoni.

Halafu kuna homa ya nguruwe. Haimuui mtu, lakini haina tiba na inaweza kufagia banda zima ndani ya siku chache. Serikali ikifunga uchinjaji na usafirishaji, ada ya shule iliyokuwa inatembea kwa miguu minne imekwisha.

Pale isipopita, sufuria inabandikwa. Zipo nyumba zenye sufuria maalumu ya kazi hiyo, inaninginizwa peke yake ukutani. Jirani Mwislamu akija kuazima sufuria ya kupikia futari, anapewa nyingine, na wala haulizi.