Mrija au Tundu: Historia ya Ushauri wa Kitabibu Unaokinzana kuhusu Upasuaji wa Kichwa Kikubwa katika Wilaya za Mbulu na Hanang

Utangulizi

Kichwa cha mtoto mchanga kinapokua kupita kiasi, mzazi wa Dongobesh, Haydom, Basotu au Katesh hukabiliwa na uamuzi ambao wataalamu wenyewe hawajakubaliana juu yake. Maji ya ubongo yaliyokosa njia ya kutoka huweza kupunguzwa kwa upasuaji wa aina mbili. Aina ya kwanza ni kuweka mrija unaopita chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi tumboni, ambako maji hufyonzwa na mwili. Aina ya pili ni kupenyeza endoskopu ndani ya ubongo na kutoboa tundu kwenye sakafu ya chumba cha tatu cha maji, ili maji yajipatie njia bila kifaa chochote kubaki mwilini. Daktari mmoja hushauri mrija, mwingine hushauri tundu, na kila mmoja ana sababu zake. Insha hii inachunguza chimbuko la mkinzano huo. Inadaiwa hapa kuwa mkinzano hautokani na ujinga wa upande wowote, bali kila ushauri ulizaliwa mahali fulani na umebeba ndani yake picha ya mgonjwa wa mahali hapo: umbali wa kwake, barabara yake na hospitali atakayorudi mambo yakiharibika.

Asili ya njia mbili

Kinyume cha dhana iliyozoeleka, tundu lilitangulia mrija wa kisasa. Mwaka 1918 Walter Dandy wa Baltimore alijaribu kuondoa tishu inayozalisha maji ya ubongo, na mwaka 1923 William Mixter wa Boston akatoboa sakafu ya chumba cha tatu kwa kutumia kifaa kilichotengenezwa kuchunguzia njia ya mkojo. Vifaa vya wakati huo vilikuwa na mwanga hafifu, vifo vilikuwa vingi, na njia hiyo ikawekwa kando.

Mrija uliingia katika nafasi hiyo. Katika miaka ya 1950 John Holter, fundi wa kiwandani wa Marekani ambaye mwanawe alizaliwa na mgongo wazi na kichwa kikubwa, alibuni vali ya silikoni akishirikiana na daktari Eugene Spitz wa Philadelphia. Kuanzia hapo mrija ukawa tiba ya kawaida duniani. Hata hivyo, tiba hiyo ilikuja na sharti ambalo halikuandikwa popote. Mrija huziba, hukatika na huweza kuambukizwa. Hatari hiyo haina mwisho, humfuata mtoto hadi utu uzima. Mrija unapoziba, maumivu makali ya kichwa, kutapika na usingizi mzito huweza kuishia kwenye kifo iwapo mgonjwa hatafanyiwa upasuaji mwingine haraka. Kwa hiyo mrija ulibuniwa kwa ajili ya jamii ambayo daktari wa upasuaji wa ubongo yuko karibu na gari la wagonjwa huitika linapoitwa.

Mbale na kurudi kwa tundu

Sharti hilo lilidhihirika mashariki mwa Uganda. Benjamin Warf, daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, alihamia Mbale mwaka 2000 kusaidia kuanzisha hospitali ya watoto ya CURE. Aligundua kwamba watoto wengi walioletwa hawakuzaliwa na tatizo hilo, bali walilipata baada ya maambukizi ya utotoni, na kwamba wengi wao walirudi vijijini ambako mrija ulioziba ungekuwa hukumu ya kifo. Alirudia njia za Mixter na Dandy kwa vifaa vya kisasa: alitoboa tundu, na katika upasuaji huohuo akaunguza tishu inayozalisha maji. Mwaka 2005 alichapisha matokeo ya watoto 550. Kwa walio chini ya mwaka mmoja, tundu peke yake lilifanikiwa kwa asilimia 47, na lilipoambatana na kuunguza tishu mafanikio yalipanda hadi asilimia 66.

Mwaka huohuo Warf alichapisha utafiti mwingine ambao hutajwa mara chache zaidi, ingawa una uzito uleule katika mjadala huu. Alilinganisha mrija wa Chhabra uliotengenezwa India kwa takribani dola 35 na mrija wa Codman wa takribani dola 650. Katika watoto 195, matokeo ya mwaka mmoja hayakutofautiana. Kwa maneno mengine, mtu aliyetetea tundu ndiye pia aliyeonesha kuwa mrija wa bei nafuu haukuwa tiba duni.

Mjadala ulifika kilele mwaka 2017, jaribio lililofanyika Mbale likiongozwa na Abhaya Kulkarni lilipochapishwa. Watoto 100 wenye umri wa chini ya miezi sita, waliougua baada ya maambukizi, waligawanywa kwa kura kati ya njia mbili. Baada ya miezi 12 hapakuwa na tofauti ya msingi katika ukuaji wa akili. Tiba ilishindwa kwa asilimia 35 ya waliotobolewa tundu na asilimia 24 ya waliowekewa mrija, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kuthibitisha ubora wa upande wowote. Kila upande ulisoma matokeo hayo kama ushindi. Watetezi wa tundu walisema mtoto anaweza kupata akili ileile bila kutegemea kifaa, na watetezi wa mrija wakasema hakuna sababu ya kuacha njia rahisi zaidi kufundishika.

Haydom na swali la mikono

Wakati Mbale ikiuliza ni upasuaji upi, Haydom iliuliza ni nani ataufanya. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway, na kwa miongo mingi imewahudumia Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe na Wanyisanzu wanaoishi mbali na miji. Mwaka 2006 alifika hapo Dilan Ellegala, daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani. Wakati huo mabingwa wa fani hiyo nchini walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Badala ya kupasua wagonjwa wengi awezavyo kisha aondoke, alimfundisha daktari msaidizi Emmanuel Mayegga kufanya upasuaji wa msingi wa ubongo, ikiwemo kazi ya mrija. Mayegga akamfundisha Emmanuel Nuwas, na Nuwas akamfundisha Hayte Samo. Mwandishi wa habari Tony Bartelme alisimulia kisa hiki katika kitabu kilichotoka mwaka 2017.

Hapa napo ushauri ulikinzana. Ilihojiwa kama ni haki kumkabidhi ubongo wa mgonjwa mtu asiye na shahada ya udaktari. Hoja hiyo ina msingi, lakini historia ya Tanzania inaidai jibu pana zaidi. Madaktari wasaidizi wamekuwa wakifanya upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya kwa miongo kadhaa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na Colin McCord, Godfrey Mbaruku na wenzao haukuona tofauti kubwa ya ubora kati ya kazi yao na ya madaktari. Zaidi ya hayo, kwa mgonjwa wa Haydom mara nyingi swali halikuwa daktari bingwa au daktari msaidizi, bali daktari msaidizi au hakuna mtu.

Umbali kama kipimo cha ushauri

Nyuzi hizi zikiunganishwa, mkinzano unaanza kueleweka. Tundu likishindwa, kwa kawaida hushindwa katika miezi sita ya mwanzo. Mrija huweza kushindwa wakati wowote wa maisha. Kwa familia inayoishi nyuma ya Mlima Hanang, ambako mvua za masika hukata barabara za vumbi, tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya asilimia 35 na 24. Lakini tundu si tiba ya mara moja na kusahau. Miezi hiyo sita inadai mtoto arudishwe kupimwa kichwa, na mzazi asiyerudi huweza asitambue kuwa tundu limeziba hadi macho na akili ya mtoto viwe vimeathirika.

Aidha, tundu huhitaji endoskopu na mtaalamu aliyezoea kuitumia. Mpango wa endoskopu ya kuhamahama, ulioelezwa na Mahmood Qureshi wa Kenya na wenzake, ulijaribu kuziba pengo hilo kwa kubeba kifaa kimoja kutoka kituo hadi kituo na kufundisha wenyeji. Kituo kisichofikiwa hubaki na mrija. Hivyo, anayemshauri mzazi wa Basotu asubiri nafasi ya tundu katika hospitali ya mbali anapaswa kuhesabu pia gharama ya kusubiri, kwa kuwa shinikizo la maji huendelea kuuharibu ubongo kila wiki inayopita.

Hitimisho

Historia hii haitoi mshindi kati ya mrija na tundu. Inaonesha kwamba ushauri wa Philadelphia, wa Mbale na wa Haydom ulikuwa sahihi kwa namna tofauti, na kwamba kosa hutokea ushauri unapohamishwa bila mazingira yake. Maswali ambayo mzazi wa Mbulu au Hanang ana haki ya kuyauliza kabla ya kutia saini ni manne: nani atafanya upasuaji, na ameufanya mara ngapi, tiba ikishindwa, dalili zake ni zipi, mtoto atarudishwa wapi, na nauli ya kurudi itatoka wapi. Daktari anayeweza kujibu maswali hayo yote ametoa ushauri kamili, hata kama mwenzake wa hospitali nyingine atapendekeza njia tofauti.