Chupa Safi na Chuma cha Baharini

Mwaka 1884 mkemia William Dittmar wa Glasgow alichapisha matokeo ya uchunguzi wa sampuli 77 za maji zilizochotwa na meli ya Uingereza, Challenger, ilipozunguka dunia kati ya 1872 na 1876. Alithibitisha kuwa ukali wa chumvi hutofautiana bahari hadi bahari, lakini uwiano wa madini makuu yaliyomo karibu haubadiliki. Kwa madini yaliyo mengi kiasi hicho, uchafu kidogo ndani ya chupa haukuharibu hesabu. Taabu ilikuwa kwa yale yaliyo haba.

Mwaka 1934 Mmarekani Alfred Redfield alionyesha kwamba naitrojeni na fosforasi zimo katika viumbe vidogo vinavyoelea kwa uwiano unaokaribiana na ule wa maji ya kilindini. Kaboni ikiongezwa mwanzoni, leo uwiano huo huandikwa 106:16:1. Viumbe hivyo hufa, huzama na kuoza, na virutubisho vyake hubaki chini hadi maji yapande tena, kama yanavyopanda pwani ya Somalia wakati wa Kusi.

Lakini kulikuwa na bahari zilizokataa kufuata hesabu hiyo. Bahari ya Kusini, kaskazini mwa Pasifiki na ukanda wa ikweta wa Pasifiki zina naitrojeni na fosforasi tele juujuu, ilhali mimea yake midogo ni michache. Wapo waliohisi tangu miaka ya 1930 kwamba kinachokosekana ni chuma. Vipimo vikawakatisha tamaa, kwani kila walipopima walikikuta chuma kingi.

Chuma hicho kilitoka melini. Waya ulioshusha chupa ulikuwa wa chuma, winchi ya chuma, na kutu ilipeperuka hadi mezani pa mkemia. Clair Patterson, yule aliyekadiria umri wa dunia, alikuwa ameshaonyesha kuwa vipimo vya risasi baharini vilipotoshwa vivyo hivyo. John Martin wa maabara ya Moss Landing, California, akaifuata njia yake: chupa za plastiki zilizooshwa kwa asidi, kamba isiyo ya metali, chumba chenye hewa iliyochujwa. Kwa uangalifu huo alikuta maji ya juu ya bahari hizo yana chini ya gramu 1 ya chuma katika lita milioni 10. Kwangu mimi, uvumilivu huo wa kuosha chupa unastahili heshima sawa na nadharia iliyoufuata, kwamba uhaba wa chuma ndio unaozuia mimea ya bahari hizo kuongezeka.

Martin alifariki Juni 1993. Oktoba mwaka huohuo, ili kuijaribu nadharia hiyo, wenzake walimwaga takriban kilo 450 za chuma kilichoyeyushwa kwenye eneo la kilomita za mraba 64 karibu na visiwa vya Galápagos, wakikifuatilia kwa gesi maalumu iliyochanganywa humo. Mimea iliongezeka, lakini kwa kiasi. Waliporudia mwaka 1995, wakiongeza chuma kwa awamu, maji ya buluu yaligeuka kijani.

Tangu 2010 mradi wa kimataifa wa GEOTRACES unachora ramani ya metali hizi haba katika bahari zote, ikiwemo Bahari ya Hindi. Maabara zinazoshiriki hulinganisha kwanza vipimo vyao kwa maji yaleyale, ili tofauti itakayoonekana iwe ya bahari, isiwe ya chupa.