Swali Nalo Lina Mwenyewe

Kuuliza si ujinga, ndivyo tulivyofunzwa tangu utoto. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kuuliza pia si jambo jepesi. Sisi wanafunzi wa fasihi tunaokimbilia uwandani na hojaji mkononi tuna mengi ya kujifunza kwa wanafunzi waliotutangulia Mlimani, zaidi ya nusu karne iliyopita.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Likizo iliyopita nilikwenda kijiji kimoja cha mkoa wa Lindi kukusanya masimulizi ya Vita vya Maji Maji kwa ajili ya tasnifu yangu. Nilibeba hojaji ya maswali 24, imechapwa vizuri, na simu ya kurekodia sauti. Swali la kwanza lilisema: "Je, wananchi wa eneo hili walishiriki katika harakati za kupinga ukoloni?" Bibi niliyemhoji, ambaye umri wake umepita miaka 80, akajibu, "Ndiyo." La pili, "Ndiyo." La tatu, "Ndiyo, mjukuu wangu." Nilipofika la saba akaniuliza yeye: "Hiyo karatasi kakuandikia nani? Maana majibu mmeshayaweka humo humo."

Basi nikabaki mdomo wazi. Nikaikunja karatasi, nikaomba kisu, nikamsaidia kumenya mihogo. Baadaye nikamwuliza jambo moja tu: bibi yake alipokuwa akisimulia vita, alianzia wapi? Kumbe hakuanzia vitani! Alianzia kwenye njaa. Alisimulia walivyoingia porini kuchimba ming'oko, na jinsi mwanamke alivyoficha mbegu ili wanawe waliolala na njaa wasizile. Katika maswali yangu yote 24, neno njaa halikuwemo hata mara moja.

Hapo ndipo nilipoukumbuka utafiti wa mwaka 1968. Wakati huo Mlimani palikuwa bado Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, ndani ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Wanahistoria John Iliffe na Gilbert Gwassa walikuwa wakishughulika na vita hivi, na wanafunzi wa shahada ya kwanza, watu wa umri wetu, walikwenda vijijini kuwahoji wazee. Makusanyo yao yalitolewa mwaka 1969. Tukumbuke kwamba vita vilianza Julai 1905. Mzee aliyekuwa na miaka 15 wakati huo, mwaka 1968 alikuwa na miaka 78. Wangechelewa miaka 20 tu, wasingemkuta shahidi.

Kazi hiyo ni hazina. Kabla yake, habari nyingi zilizoandikwa zilitoka kwa Wajerumani wenyewe, akiwemo gavana von Götzen aliyechapisha kitabu chake mwaka 1909. Wanafunzi wale waliwapa nafasi waliopigwa kueleza kipigo chao. Mashamba ya pamba ya kulazimishwa, viboko vya maakida, habari za Kinjikitile wa Ngarambe aliyenyongwa Agosti 1905: haya yote tunayajua kwa upana zaidi kwa sababu kuna watu walikwenda, wakaketi, wakasikiliza.

Hata hivyo, kila kizazi huuliza kinachokiwasha. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru mwaka 1961, Azimio la Arusha lilikuwa la mwaka 1967, na taifa changa lilikuwa likitafuta mababu wa umoja wake. Kwa hiyo maswali yalielekea huko: nani aliwaunganisha watu, maji yalieneaje, kwa nini makabila mbalimbali yalisimama pamoja. Miaka mingi baadaye watafiti wengine walikuja na maswali mengine. Mwaka 1997 Thaddeus Sunseri, akiandika juu ya Uzaramo, alitazama njaa, nguruwe pori walioharibu mashamba, na mzigo uliowaangukia wanawake. Mwaka 2010 James Giblin na Jamie Monson walihariri kitabu kizima cha kuitazama upya Maji Maji. Lakini wakati huo waliokuwapo mwaka 1905 walikuwa wamekwisha kufariki. Ambacho hawakuulizwa, wamekwenda nacho. Hilo ndilo linaloniuma.

Mhakiki wa fasihi anaingiaje hapa? Anaingia moja kwa moja. Mwaka huohuo wa 1969 Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia ya Kinjeketile. Alibadili jina kidogo, na mhusika wake anakataa kutamka kwamba maji ni uongo, kwa kuwa anajua neno likishatoka lina maisha yake. Msomaji anajua tangu mwanzo kwamba hii ni sanaa, kwa hiyo anamtafuta mtunzi na msimamo wake. Hojaji haituonyeshi mtunzi. Inajifanya haina mwenyewe, kumbe inaye. Ina msamiati wake, ina mpangilio wake, na ina msikilizaji inayetaka kumridhisha, ambaye mara nyingi ni mhadhiri anayesahihisha!

Kwa hiyo, wanafunzi wenzangu, napendekeza haya. Kwanza, hojaji ijaribiwe kwa watu wawili watatu kabla ya safari, na kila swali linalojibika kwa "ndiyo" tupu litiliwe shaka. Pili, maneno ya darasani yabaki darasani. Bibi wa kijijini hana haja ya "harakati". Tatu, tutenge alichokiona msimulizi na alichosimuliwa, na tuandike alikisikia kwa nani. Nne, tuandike nani mwingine alikuwapo, kwa maana mama hasimulii mbele ya mwenyekiti wa kijiji kama anavyosimulia jikoni. Fanani hubadilika kulingana na hadhira, nasi tuliokwenda kurekodi ni hadhira. Tano, turuhusu mhojiwa atuulize, na tukubali anapokataa. Mwisho, maswali yahifadhiwe pamoja na majibu, ili atakayekuja baada yetu ajue tulikuwa tukitafuta nini na tuliacha nini.

Tasnifu yangu bado haijakwisha. Hojaji ya kwanza sikuitupa. Nimeiweka kama kiambatisho, na jibu la bibi juu ya karatasi ile nimeliandika neno kwa neno. Msimamizi wangu ameuliza kwa nini nianike kosa langu. Nimemjibu kwamba siku moja atakuja mwanafunzi mwingine kijijini pale, na bibi yule hatakuwapo. Atabaki na karatasi zangu tu. Ni haki yake kujua yale majibu ya "ndiyo" yalikuwa ya nani.