Kanuni ya Kichungaji

Kanuni ya Kichungaji (kwa Kilatini: Liber Regulae Pastoralis) ni kitabu kilichoandikwa na Papa Gregori I, anayeitwa pia Gregori Mkuu, mnamo mwaka 590 au muda mfupi baadaye. Kinaeleza sifa za mchungaji mwema wa Wakristo: nani anafaa kupewa kazi hiyo, aishi vipi, na awafundishe vipi watu wa aina mbalimbali. Ingawa kiliandikwa hasa kwa ajili ya maaskofu, kimetumiwa na wote wenye jukumu la kuongoza waamini.

Chanzo

Gregori alizaliwa Roma katika familia tajiri. Alikuwa mkuu wa mji huo kabla ya kuacha cheo, kugeuza nyumba ya wazazi wake kuwa monasteri na kuishi humo kama mmonaki. Mwaka 590 Papa Pelagio II alifariki kwa tauni, na Gregori akachaguliwa kushika nafasi yake. Alijaribu kukwepa, asifanikiwe. Askofu Yohane wa Ravenna alipomlaumu kwa upole kwa kutaka kukimbia, Gregori alimjibu kwa kitabu hiki, akitaja sababu zilizomfanya auogope mzigo huo.

Muundo

Kitabu kina sehemu nne.

Sehemu ya kwanza inahusu anayestahili kuwa mchungaji. Gregori anashangaa kwamba mtu asiyejua dawa huona haya kujiita mganga, lakini wasiojua lolote juu ya mambo ya Roho hawaogopi kujiita waganga wa mioyo, ambayo vidonda vyake vimefichika zaidi. Akifuata Kitabu cha Ezekieli (sura ya 34), anawafananisha walio na elimu lakini wanaishi vibaya na wachungaji wanaokunywa maji safi kisha kuyachafua kwa miguu yao, kondoo wakabaki kunywa matope. Kwake hakuna anayeliumiza Kanisa kuliko mtu mwovu mwenye jina la utakatifu, kwa sababu watu hawathubutu kumkosoa. Hata hivyo anawalaumu pia wale wenye vipawa wanaokataa kazi kwa kupenda utulivu wao tu: vipawa hivyo walipewa kwa ajili ya wengine. Kuhusu maneno ya Waraka wa kwanza kwa Timotheo (3:1) kwamba anayetamani uaskofu anatamani kazi njema, anakumbusha kwamba wakati huo kiongozi ndiye aliyekuwa wa kwanza kupelekwa kuuawa kwa ajili ya imani.

Sehemu ya pili inaeleza maisha ya mchungaji. Sifa zinazotajwa mwanzoni mwake, na kufafanuliwa katika sura zinazofuata, ni hizi:
- awe safi katika mawazo;
- awe wa kwanza katika matendo mema;
- ajue wakati wa kunyamaza, na akisema aseme la kufaa;
- awe karibu na kila mtu kwa huruma, huku akizama katika sala kuliko wote;
- kwa unyenyekevu awe mwenzao watu wema, lakini awe imara dhidi ya maovu;
- shughuli za nje zisimsahaulishe mambo ya rohoni, wala mambo ya rohoni yasimfanye apuuze mahitaji ya watu.

Karibu kila sifa ina pande mbili, na mchungaji anatakiwa kushika zote. Mfano wake ni Musa, aliyeingia hemani kusikiliza sauti ya Mungu, kisha akatoka kubeba shida za watu. Katika kuonya, Gregori anakumbusha Msamaria mwema aliyetumia divai na mafuta: divai huchoma kidonda, mafuta hutuliza.

Sehemu ya tatu ndiyo ndefu kuliko zote. Inafundisha kwamba onyo moja haliwafai watu wote, kama vile mluzi mwororo unavyotuliza farasi lakini huwachochea mbwa wadogo. Gregori anataja jozi nyingi za watu, kama vile maskini na matajiri, wenye furaha na wenye huzuni, wanyamavu na wasemaji, wavivu na wenye pupa. Kwa kawaida maskini wafarijiwe na matajiri waonywe wasijivune. Lakini mchungaji amtazame mtu mwenyewe, kwa kuwa yupo maskini mwenye kiburi na tajiri mnyenyekevu.

Sehemu ya nne ni fupi sana. Inamtaka mhubiri ajirudie mwenyewe, asije akajivunia mafanikio ya mahubiri yake. Gregori anamalizia kwa kujilinganisha na mchoraji mwenye sura mbaya aliyechora mtu mzuri, na kumwomba Yohane amsaidie kwa sala.

Upokeaji

Gregori alimtumia nakala Leander, askofu wa Sevilla. Askofu mwingine wa Hispania, Licinianus wa Cartagena, alikisifu lakini akaeleza wasiwasi: ikiwa wasio na elimu ya kutosha wasipewe daraja, watapatikana wapi wa kuhudumia makanisa? Swali hilo la ubora wa wachungaji na uhaba wao limerudi katika vipindi vingi vya historia ya Kanisa.

Kaisari Maurisi wa Konstantinopoli aliagiza kitabu kitafsiriwe kwa Kigiriki Gregori akiwa bado hai, na kazi hiyo ilifanywa na Patriarki Anastasi II wa Antiokia. Mwaka 813 sinodi zilizofanyika katika milki ya Karolo Mkuu ziliwahimiza maaskofu kukijua. Mwishoni mwa karne ya 9 mfalme Alfred Mkuu, akisaidiwa na wasomi, alikitafsiri kwa Kiingereza cha kale, akakusudia kila jimbo la kiaskofu katika ufalme wake lipate nakala. Nakala iliyopelekwa Worcester imehifadhiwa hadi leo katika maktaba ya Bodley huko Oxford, Uingereza.